Toleo Jipya la Saa Tano

Hospitalini walimwita Bi Hakiki, na jina hilo hakupewa kwa mapenzi. Ukimletea orodha, ataisoma kutoka juu hadi chini, kisha kutoka chini hadi juu. Ukimwambia nje kunanyesha, atatoa kwanza mkono dirishani. Wenzake walimcheka, naye aliwaacha wacheke, kwa sababu mfumo wa zamu za wagonjwa ulikuwa mikononi mwake mwaka wa sita sasa, na haukuwahi kulala hata siku moja. Je, wao walikuwa na nini cha kujivunia? Chai ya saa nne?

Mfumo wenyewe haukuwa na makeke. Hospitali ilikuwa na mashine nane za kusafisha damu, na wagonjwa wa figo sitini na wanne. Kila mmoja alilazimika kulala kwenye mashine mara tatu kwa wiki, na mashine zilikuwa na zamu nne kwa siku: saa moja asubuhi, saa tano, saa tisa alasiri, na saa moja usiku. Kila siku saa saba mchana mfumo uliwatumia wagonjwa wa kesho ujumbe wa simu kuwaambia wafike saa ngapi. Basi. Lakini mtu wa figo akikosa zamu, sumu inabaki mwilini, anavimba, pumzi inakata. Kwa hiyo ujumbe ule mfupi haukuwa wa mchezo.

Jumatatu ikaja barua kutoka ofisi inayosimamia mtandao wa hospitali zote. Tundu la usalama limegunduliwa katika mfumo wenu. Mtu mwenye nia mbaya anaweza kupenya na kusoma mafaili ya wagonjwa. Mlizibe kabla ya Alhamisi saa sita mchana, la sivyo tunawakata kwenye mtandao. Kukatwa kwenye mtandao maana yake hakuna ujumbe, na wagonjwa sitini na wanne wanarudi kwenye daftari na kupigana vikumbo dirishani.

"Tundu umelitoboa wewe?" aliuliza mkuu wa kitengo, bwana mmoja mwembamba aliyejulikana kwa jina la Chapchap, kwa sababu hata kukaa alikaa upande upande, tayari kuondoka.

"Sijatoboa mimi. Ni kipande cha kuazima."

Hapo panahitaji maelezo. Hakuna anayeandika programu nzima peke yake siku hizi. Unaandika sehemu yako, halafu unaazima vipande vilivyoandikwa na wengine: kimoja cha kufungua mafaili, kingine cha kutuma ujumbe, kingine cha kuhesabu tarehe. Wenye kazi yao huviita vitegemezi. Navyo vina vitegemezi vyao, na hivyo navyo vina vyao. Mfumo wa Bi Hakiki ulikuwa na vipande mia mbili na kumi na vinne, ukoo mkubwa kuliko ule unaojitokeza siku ya kugawana urithi, na wengi wa walioviandika hakuwahi kuwatia machoni. Nguo ya kuazima haisitiri maungo, walisema waliotangulia, lakini bila nguo za kuazima hospitali nzima ingetembea uchi.

Kipande kilichotoboka kilikuwa kile cha kufungua mafaili. Waliokiandika walikuwa wameshatoa toleo jipya lisilo na tundu. Ungedhani ni kuchomoa la zamani na kuchomeka jipya. Thubutu! Toleo jipya halikuelewana na kipande cha kutuma ujumbe, ikabidi nacho kipandishwe. Kile nacho kikamkataa yule wa kuhesabu tarehe na saa, eti kazeeka. Ikabidi naye abadilishwe. Bi Hakiki alivuta uzi mmoja, akajikuta ameshika sweta zima.

Alifanya kazi Jumatatu hadi Jumatano. Kila toleo alilolipandisha alisoma maelezo yake yote, mstari kwa mstari, kwa kidole kwenye kioo. Aliendesha majaribio mia tatu na arobaini. Ujumbe umetoka? Ndiyo. Una namba ya mgonjwa? Ndiyo. Una saa? Ndiyo. Yote yakawaka kijani. Mwishowe akafungua ujumbe mmoja autazame kwa macho yake: zamu kwenye ratiba 11:00, ujumbe unasema saa 11:00 asubuhi. Akatikisa kichwa, akaridhika.

Jumatano mchana, kwenye kikao, mbele ya Chapchap na sista mkuu wa chumba cha mashine na watu wa ofisi zote za ghorofa ya pili, akaulizwa hali.

"Haivuji hata tone," alisema, akajipiga kifua. Na kweli alijisikia vizuri, kwa nini aseme uongo? Mtu akifanya kazi yake sawasawa ana haki ya kutunisha mabega kidogo.

Kulikuwa na jambo moja tu lililobaki. Bi Hakiki alikuwa na desturi yake: toleo jipya halitumwi kwa wagonjwa wote kabla halijatumwa kwa mmoja, na huyo mmoja alikuwa baba yake mzazi. Mzee alikuwa fundi bomba mstaafu, mwaka wa pili kwenye mashine, na chumba kizima kilimwita Mzee Koki. Ni yeye aliyemfundisha. "Ukifunga koki mpya," alikuwa akimwambia tangu yuko shule, "fungua maji kwako kwanza. Ikipasuka, iloweshe godoro lako, si la jirani." Basi siku ile wagonjwa wengine wote walipata ujumbe kwa toleo la zamani, na Mzee Koki peke yake akapata kwa jipya.

Alhamisi saa moja na nusu asubuhi Bi Hakiki alifika kazini, akamkuta baba yake kwenye benchi la getini. Amevaa sweta, mfuko wenye taulo magotini, midomo imemkauka. Zamu yake ilikuwa saa tano.

"Shikamoo, Baba. Kuna nini? Mbona mapema hivi?"

"Marahaba, mama. Hakuna neno. Nimewahi tu."

"Amewahi?" mlinzi akadakia. "Dada, mzee huyu kanikuta bado nimejifunika blanketi. Saa kumi na moja, giza totoro, anagonga geti anasema ameitwa!"

Mzee Koki akacheka kicheko cha kuzugia. "Macho ya uzee haya. Nimesoma vibaya, ndiyo hivyo."

Bi Hakiki, mnisamehe, kitu cha kwanza alichosikia moyoni hakikuwa huruma. Kilikuwa hasira. Asubuhi ya siku kama hii! "Na miwani niliyokununulia, Baba? Unaiwekea maonyesho?"

"Nimeisahau nyumbani."

"Hebu nione huo ujumbe." Akachukua simu, akatazama. Saa 11:00 asubuhi. "Sasa si hii hapa? Saa tano!"

"Ndiyo, mama," baba yake akakubali upesi. "Saa tano. Nenda kazini, utachelewa."

Akamnunulia chupa ya maji, akamwambia anywe funda moja tu kama daktari alivyoagiza, akapanda ngazi. Alikuwa kwenye ngazi ya tano au ya sita pale kitu kilipomchoma. Mfuko wa shati wa baba yake, chini ya sweta, ulikuwa umetuna. Umbo lile lilikuwa la fremu. Miwani ilikuwa pale pale. Mzee alikuwa nayo muda wote.

Juu, Chapchap alikuwa amesimama na sista mkuu, na habari zilikwisha kumtangulia.

"Nasikia Mzee Koki kalala getini," Chapchap alisema. "Pole. Lakini ujumbe nimeuona, hauna kosa. Kumi na moja ni kumi na moja. Wazee wanachanganya. Tupandishe toleo, niwaandikie wale wa mtandao kwamba tumemaliza, kila mtu akanywe chai."

"Hata mimi nimesema ni macho," sista aliongeza kwa upole. "Wengi wao yanapungua kwa sababu ya ugonjwa."

Bi Hakiki aliwapita. Alikaa kwenye kiti chake, akafungua ujumbe ule kwenye kioo. Halafu akafanya jambo ambalo hakulifanya kwa siku tatu zote. Alifumba macho, akausoma kwa sauti, kama unavyomsomea mtu kwenye simu.

"Zamu yako ni kesho, saa kumi na moja asubuhi."

Lo!

Maana sisi tuna maajabu yetu. Saa ya ukutani inaonyesha kumi na moja, mdomo unasema tano. Simu inaonyesha saba, mdomo unasema moja. Tumefanya hivyo tangu utotoni, hatuhisi hata kama tunahesabu. Kipande cha zamani cha saa kilijua mchezo huo: ratiba ikisema 11:00, chenyewe kiliandika saa 5:00 asubuhi, kama watu wasemavyo. Kipande kipya kiliacha kumi na moja vile vile. Na Bi Hakiki, kwa mazoea ya maisha yake yote, aliona kumi na moja akasoma tano. Chapchap aliona kumi na moja akasoma tano. Ofisi nzima ingesoma tano. Mzee Koki peke yake ndiye aliyesoma kilichoandikwa.

Akarudi kwenye maelezo ya toleo. Mstari wa tisini na mbili, pale pale alipopitisha kidole Jumanne: "Kiswahili: saa zimerekebishwa zilingane na lugha nyingine." Alikuwa ameusoma. Alikuwa hata ametikisa kichwa, kwa sababu nani anakataa kitu kilichorekebishwa?

Halafu akapiga hesabu ya zamu nyingine. Saa moja usiku ingeandikwa saa 7:00 usiku. Wagonjwa wanane wangekuja saa saba ya usiku wa manane, zamu imepita saa sita nzima, mashine zimefunikwa, taa zimezimwa.

Sasa sikiliza. Alikuwa na njia ya kutoka. Baba yake mwenyewe alishamfungulia mlango: macho ya uzee. Angeweza kukubali, akarekebisha kimya kimya, na kifua alichojipiga jana kikabaki kizima. Chapchap alikuwa ameshika kipini cha mlango, sista anaondoka. Ilihitajika kunyamaza tu.

"Baba hakukosea," alisema. "Nimekosea mimi."

"Nini?"

"Ujumbe unasema saa kumi na moja. Someni kwa sauti. Msisome kwa macho, someni kwa sauti."

Wakasoma. Sista akashika mdomo. Chapchap, kwa mara ya kwanza tangu waajiriwe pamoja, alikaa kiti kizima.

"Rudisha la zamani basi," alisema. "Sasa hivi."

"La zamani lina tundu. Saa sita wanatukata."

"Na jipya litawaita watu usiku wa manane. Sasa?"

"Sasa nipeni nafasi," alisema Bi Hakiki, "na sista naomba ubaki. Nahitaji masikio."

Ilikuwa saa mbili na robo. Tundu lazima lizibwe, kwa hiyo matoleo mapya yabaki. Saa nazo lazima zirudi kwa wenyewe. Akaandika kipande chake mwenyewe, mistari ishirini na michache, cha kukaa katikati ya kile kipya na ujumbe, kuipokea saa ya mashine na kuigeuza saa ya watu. Mistari yenyewe haikuwa migumu. Ugumu ulikuwa kuijaribu, kwa sababu sasa hakuyaamini macho yake, wala ya mtu mwingine yeyote aliyekulia kwenye lugha hii.

Akamgeuza sista auelekee ukuta. Yeye akasoma ujumbe kwa sauti mmoja baada ya mwingine, saa zote ishirini na nne, na sista, bila kuona namba yoyote, alitakiwa aseme angefika hospitali wakati gani: jua liko wapi, nje kuna nini.

"Saa tisa alasiri."

"Jua limeanza kulegea. Zamu ya tatu."

"Saa moja usiku."

"Giza limeingia sasa hivi. Zamu ya mwisho."

"Saa kumi na moja alfajiri."

"Naota ndoto, usiniamshe!"

Watu wa ofisi ya jirani walikuja kuchungulia: sista mkuu mzima amesimama akitazama ukuta kama mtoto aliyeadhibiwa. Walicheka hadi machozi. Chapchap aliwafukuza. "Waacheni wafanye kazi! Haraka haraka haina baraka," alisema, na kauli hiyo kutoka kinywani mwake ilikuwa habari ya mjini kwa wiki nzima.

Walikosa mara mbili, kwenye saa sita ya mchana na saa sita ya usiku. Wakarekebisha, wakarudia zote tangu mwanzo. Ilipotimu saa sita kasoro dakika kumi na moja, toleo likapanda. Ofisi ya mtandao wakachungulia kwa vyombo vyao, wakajibu kwa mstari mmoja: tundu limezibwa, mfumo ubaki hewani. Saa saba ujumbe thelathini na mbili ukatoka. Bi Hakiki aliwapigia wagonjwa wanne mmoja mmoja awaulize wameitwa saa ngapi, na wote wanne walijibu sawa.

Ndipo aliposhuka chumba cha mashine. Baba yake alikuwa amelala, mkono umenyooshwa, damu inatoka kwa mrija mmoja na kurudi kwa mwingine.

"Baba, miwani ulikuwa nayo."

Mzee akatazama dari.

"Kwa nini uliniongopea?"

"Sista aliniambia jana kwa simu ulivyosema kwenye kikao. Haivuji hata tone." Akatabasamu. "Nikajiuliza, niende mimi nikawaambie inavuja? Mtoto wangu mwenyewe? Nikasema, wacha niwe kipofu siku moja."

"Ungewaua watu kwa huruma yako, Baba."

"Hilo sikulijua, mama. Nilidhani ni mimi tu."

"Nimewaambia wote. Mbele ya mkuu. Nimesema kosa ni langu."

Mzee Koki akafumba macho. Bi Hakiki aliogopa kwamba amemwaibisha. Kumbe mzee alikuwa anatafuta pumzi ya kutosha. Akamgeukia mgonjwa wa kitanda cha pili, mama mmoja mnene aliyekuwa anasinzia, akamwamsha kwa sauti ya fundi anayeita spana kutoka juu ya paa.

"Mama! Wee mama! Umemwona huyu? Nimefunga mabomba miaka thelathini na moja, sikuwahi kumwambia mteja kwamba kosa ni langu. Nilisema bomba bovu, nilisema maji yana chumvi. Huyu kasema mbele ya mkubwa wake! Huyu ni wangu!"

"Nimesikia," alisema yule mama. "Hata waliokufa wamesikia."

Na Bi Hakiki, aliyehakiki kila kitu, hakuwa na la kuhakiki. Alisimama pale akijisikia mrefu kuliko mlango.

Usiku huo huo aliwaandikia wenye kile kipande cha saa, watu wa mbali asiowajua, akawapelekea mistari yake pamoja na kisa cha baba yake getini. Ijumaa wakamjibu kwa adabu: je, hili ni kosa kweli, au ni desturi ya mtaa mmoja? Mbona saa zenu ziko nyuma kwa saa sita? Akaandika jibu, akalifuta mara tatu kwa sababu lilikuwa na matusi, la nne likatoka safi. "Haziko nyuma. Zetu huanza kuhesabiwa jua likichomoza, zenu huanza watu wamelala. Hatuwaombi mbadilike. Tunaomba msiturekebishe. Anayesoma ujumbe huu ni mgonjwa, naye hufika saa mtakayomwandikia." Jioni wakaipokea mistari yake, wakaitia kwenye kipande chenyewe kwa kila anayekiazima, popote alipo, na wakaomba radhi kwa mzee.

Yote hayo yalimpendeza, hakuna ubishi. Lakini Jumamosi asubuhi hayakumsaidia kitu. Zamu ya baba yake ilikuwa saa tano, na ujumbe wake ulitoka jana yake kama wa watu wengine. Alijua mtu aliyegonga geti gizani mara moja atafanya nini mara ya pili. Atapiga simu. Mama, hii tano ni tano ipi? Na ataendelea kupiga, kila siku ya zamu, maisha yake yote. Nani angemlaumu? Bi Hakiki aliweka simu juu ya meza tangu saa mbili, akaitazama hadi chai ikapoa.

Saa tatu, kimya. Saa nne, kimya. Akaanza kuogopa upande wa pili: labda hatakuja kabisa. Saa nne na nusu akasimama dirishani, roho juu. Chapchap akamwambia si umpigie wewe, akakataa kwa kichwa.

Saa tano kasoro dakika nane Mzee Koki alitokea getini, mwendo wa taratibu, mkono wa shati umekunjwa tayari kwa sindano. Mlinzi akamsimamisha. Dirisha lilikuwa wazi, kila neno likapanda juu.

"Mzee! Leo umeuliza vizuri saa, au tunaanza tena?"

"Niulize nini?" alisema Mzee Koki, akampita bila kusimama. "Nimeandikiwa na binti yangu."